Saa za Mwanzo za Kidonda

Daktari wa upasuaji anapoufungua mguu uliopigwa shoka, ngozi si jambo la kwanza kumshughulisha. Anautazama msuli. Anaubana kidogo kwa koleo nyembamba na kungoja: msuli mzima hushtuka. Anaukata ukingoni kwa ncha ya kisu: msuli mzima hutoka damu. Anaangalia rangi yake, kisha anaubonyeza kwa kidole chenye glavu aone kama unarudi au unabaki umebonyea. Usioshtuka, usiotoka damu, uliogeuka rangi na unaochanika ovyo ukiguswa, huo umekufa na hauna budi kuondolewa. Vipimo hivi vinne vilichunguzwa kitaalamu na madaktari wa jeshi la Marekani waliotibu majeruhi wa vita vya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inavifundisha kwa madaktari wake wanaokwenda vitani. Havihitaji mashine wala maabara. Vinahitaji jicho lililozoea, taa inayowaka na mgonjwa aliyefika mapema.

Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, gumu ni hilo la mwisho.

Ukitoka Kigoma mjini kupanda Kasulu, joto la ziwa linabaki nyuma, upepo unakuwa wa ubaridi, migomba inashika pande zote mbili za barabara. Ukiendelea kaskazini unafika Kibondo, Burundi ikiwa upande wa machweo na miombo ya kuelekea Moyowosi upande wa mawio. Watu wa huku ni wakulima wa mahindi, maharage, muhogo na ndizi, na wengi wana kazi ya pili porini: kupasua mbao, kuchoma mkaa, kurina asali. Kazi hizo zote zina chuma chenye makali. Ongeza pikipiki za abiria, moto wa mafiga matatu ambao watoto huota usiku wa baridi, na nyoka wa shambani, utaelewa ni vidonda vya namna gani vinavyobisha hodi kwenye zahanati za wilaya hizi mwaka mzima.

Tuseme kijana yuko porini na shoka limeteleza kwenye gogo likamwingia shavu la mguu. Wenzake wanamfunga kwa shati. Damu ikigoma kusimama, wapo watakaoweka majivu, unga wa ndani ya betri, mafuta ya taa au majani yaliyotwangwa, kwa sababu porini mtu hufanya analolijua na hufanya upesi. Anabebwa kwa baiskeli mpaka njia kuu, kisha kwa pikipiki mpaka zahanati. Kidonda kikiwa kimefika kwenye msuli, tabibu anaandika rufaa: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, au kwa upande wa Kasulu hospitali ya misheni ya Kabanga, ambayo kwa miaka mingi imepokea raia na wakimbizi kwenye meza ileile ya upasuaji. Kama mguu uko hatarini zaidi ya hapo, kuna hospitali ya Maweni mjini Kigoma, na mbali kabisa kuna ile ya Bugando, Mwanza. Mgonjwa wa Bugando kutoka huku alikuwa akisubiri kivuko pale Busisi mpaka Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa. Na kama shoka lile lilishikwa na mtu mwenye hasira, kuna pia safari ya polisi kufuata fomu ya PF3. Kila hatua ina sababu yake. Msuli uliochafuka haungoji sababu hizo.

Kwamba saa zina uzito kwenye kidonda, hilo lilipimwa zamani. Mwaka 1898 daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Paul Leopold Friedrich, alichukua simbilisi, akawafungua msuli wa mguu wa mbele na kutia ndani udongo wa bustani na vumbi la nyumba. Baadhi aliwakata na kuondoa kingo za kidonda mapema, wengine akawachelewesha saa baada ya saa. Waliokatwa ndani ya saa 6 walipona. Baada ya hapo vijidudu vilikuwa vimekwisha kuingia ndani ya nyama na kisu hakikuvifikia tena. Vizazi vya madaktari vilifundishwa hesabu hiyo kama sheria. Leo haishikwi kwa ukali ule, maana imeonekana kwamba uchafu wa kidonda, kiasi cha msuli uliokufa na mtiririko wa damu vina uzito kuliko saa ya ukutani. Lakini kiini cha jaribio la Friedrich hakijapingwa na mtu: vijidudu vikishapata nyama iliyokufa vinapata chakula na maficho, na dawa inayopita kwenye damu haifiki mahali ambapo damu haifiki.

Ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote kwenye kidonda cha shoka ni kukishona haraka. Mgonjwa anataka kishonwe. Ndugu zake wanataka kishonwe. Kidonda kilichoachwa wazi kinaonekana kama kidonda kilichotelekezwa. Ila kidonda kichafu kilichofungwa kwa nyuzi ni chumba kilichofungwa na mwizi ndani. Madaktari wa Msalaba Mwekundu waliofanya kazi Lopiding, ile hospitali ya Lokichoggio kaskazini mwa Kenya iliyopokea majeruhi wa vita vya Sudan kuanzia 1987 mpaka 2006, walishika utaratibu mmoja: osha kwa maji mengi, ondoa kilichokufa, acha wazi, funika kwa gozi kavu nyingi, usifungue-fungue, kisha siku ya 4 au ya 5 mrudishe mgonjwa kwenye meza, na kama nyama ni safi ndipo ushone. Utaratibu huo unawezekana kwenye hospitali yoyote ya wilaya. Sehemu yake ya kwanza, kuosha kwa maji mengi, inawezekana hata kwenye zahanati iliyo mwisho wa njia, ikiwa maji yapo. Maji safi ya kunywa yanatosha. Sindano ya pepopunda ichomwe siku hiyohiyo.

Baada ya hapo kazi ni ya mwili wenyewe, na hapa ndipo utafiti wa miaka 60 iliyopita umefungua mambo ya kushangaza.

Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba msuli uliojeruhiwa unaweza kuota upya, ila haikujulikana unaoteshwa na nini. Nyuzi za msuli hazigawanyiki. Ukiua uzi, umekufa. Mwaka 1961 Alexander Mauro, akitazama msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni katika Taasisi ya Rockefeller, New York, aliona seli ndogo zimelala ubavuni mwa nyuzi, zimebanwa kati ya uzi na gamba lake la nje. Akaziita seli setelaiti. Mkulima wa Kasulu atazielewa haraka kuliko mwanafunzi wa mjini, kwa sababu kila siku anaona mgomba uliozaa ukianguka na chipukizi lililokuwa pembeni likishika nafasi. Seli hizi hulala miaka mingi bila kazi. Msuli ukiumia zinaamka, zinagawanyika, na watoto wake wanaungana ncha kwa ncha kuwa uzi mpya ndani ya gamba lilelile la zamani.

Haziamki zenyewe tu. Saa chache baada ya jeraha, chembe nyeupe za damu zinamiminika na kuanza kula mabaki. Siku ya 2 au ya 3 zinafuata chembe kubwa walaji, makrofaji, ambazo kwanza zinasafisha, kisha zinabadilika tabia na kutoa ishara za kuamrisha ujenzi. Wiki moja baadaye nyuzi changa zinaonekana, na kiini cha kila moja kiko katikati badala ya ukingoni, alama ambayo mtaalamu wa hadubini anaitumia kujua kwamba msuli huu ulishawahi kufa na kufufuka. Ndani ya wiki 3 au 4 msuli wa panya wa maabara unaweza kuonekana karibu kama wa awali.

Ili waujeruhi msuli kwa kipimo kilekile kila mara, watafiti wengi duniani wanatumia sumu ya swila wanaotema mate, wa jamii inayoishi kwetu Afrika Mashariki. Moja ya protini za sumu hiyo, kadiotoksini, inaua nyuzi za msuli lakini inayaacha magamba, mishipa midogo ya damu na neva. Seli setelaiti nazo zinasalimika. Kwa hiyo msuli unarudi.

Sasa mlinganishe panya huyo na mama wa Kibondo aliyeumwa na kifutu akivuna maharage. Sumu ya kifutu haiishii kwenye nyuzi za msuli. Inabomoa kuta za mishipa midogo ya damu, na mishipa ikibomoka msuli unakosa hewa, walaji hawafiki, mabaki hayaondolewi, seli setelaiti zinakosa pa kusimama. José María Gutiérrez na wenzake wa Taasisi ya Clodomiro Picado nchini Kosta Rika walilionyesha hilo kwa miaka mingi wakitumia sumu ya nyoka wa kwao wa ukoo unaokaribiana na kifutu: mahali ambapo mishipa imeharibika, msuli hauoti vizuri, na nafasi yake inachukuliwa na kovu na mafuta. Hii ndiyo sababu mtu anapona sumu na bado mguu unabaki umekonda na kukakamaa. Na ndiyo sababu kufunga mguu kwa kamba na kuuchanja-chanja kwa wembe, mambo ambayo bado yanafanyika vijijini, kunamwongezea mgonjwa hasara: kamba inazima damu ileile ambayo msuli utaihitaji kesho, na wembe unafungua njia kwa vijidudu. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi Juni 2017. Kwa wilaya zenye miombo kama hizi, hatua hiyo ilikuwa imechelewa.

Kuna mnyama mmoja mdogo wa Afrika Mashariki ambaye amewalazimisha wataalamu wa vidonda waanze kufikiri upya. Ni panya-miiba, mwenye manyoya magumu ya mgongoni. Wataalamu Ashley Seifert na Malcolm Maden, wakiwa na Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wengine, walifanya kazi kwa spishi mbili za panya huyu kutoka Laikipia, Kenya, na matokeo yakatoka katika jarida la Nature Septemba 2012. Ngozi yake ni dhaifu mara 20 kuliko ya panya wa kawaida. Adui akimkamata, ngozi inachanika na panya anaondoka zake, wakati mwingine akiwa amepoteza mpaka asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Anapona. Na haponi kwa kovu: ngozi inarudi na vinyweleo vyake. Walimtoboa sikio tundu la milimita 4, tundu likajaa na gegedu ikarudi. Msuli wa sikio, katika jaribio lile, haukurudi. Lakini mwaka 2018 Maden na wenzake walionyesha kwamba msuli wa mguu wa panya-miiba, ukiharibiwa mara kwa mara kwa kadiotoksini, unaota upya bila kujaa mafuta, huku wa panya wa kawaida ukishindwa baada ya kurudiwa.

Hakuna dawa iliyotokana na panya huyu ambayo daktari wa Kasulu anaweza kuiagiza leo, na sitamdanganya msomaji kwamba iko njiani. Faida yake ya sasa ni nyingine. Ameonyesha kwamba kovu si amri kwa kila mnyama anyonyeshaye, na kwamba tofauti iko katika siku za mwanzo: ni chembe zipi zinafika kwenye jeraha, kwa mpangilio gani, na zinakaa muda gani. Ukiangalia vizuri, hayo ni maswali ya Friedrich yaliyovaa nguo mpya.

Kwa binadamu mpaka wake ni huu: uzi mmoja mmoja unaota, pande la msuli haliwezi. Msuli ukipoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili wake, gamba na seli zake zikiwa zimeondoka pamoja, kinachojaa pale ni kovu. Kwa hiyo kila saa anayoiokoa mtu aliyeosha kidonda mapema inageuka kuwa gramu za msuli ambazo kisu hakitalazimika kuzitoa.

Nije kwenye asali, kwa sababu Kibondo haiandikwi bila asali, na kwa sababu naamini hapa kuna kazi ya kisayansi inayotusubiri.

Asali ya miombo inayotoka Kibondo na maeneo ya jirani ina jina zuri nchini. Wafugaji wa nyuki wa huku bado wanatundika mizinga ya magome na magogo juu ya miti, ingawa ya mbao imeenea, nayo miradi ya ushirikiano na Ubelgiji ilitia nguvu ufugaji huo mkoani Kigoma. Na asali kwenye kidonda ni tiba kongwe kuliko hospitali: Wamisri wa kale waliiandika kwenye mafunjo yao ya upasuaji. Sayansi yake inaeleweka. Sukari iliyokolea inavuta maji kutoka kwenye kidonda na kutoka ndani ya vijidudu, vinakauka. Ukali wake wa asidi unavizuia kuzaana. Zaidi ya hayo, nyuki anaitia kimeng'enya, glukosi oksidesi, ambacho asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda kinaanza kutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, kiasi kinachoua vijidudu bila kuunguza nyama changa. Kimeng'enya hicho kinakufa asali ikichemshwa. Asali iliyotolewa kwenye masega kwa kupikwa jikoni ni tamu kwa mkate na haina nguvu hiyo kwa kidonda.

Ushahidi upo, na unagusa msuli moja kwa moja. Katika nchi za joto kuna jipu linaloota ndani kabisa ya msuli, mara nyingi la paja au la tako. Mwanzoni msuli unakuwa mgumu na kuuma, homa inapanda, hakuna uvimbe laini wa kuonyesha usaha, na wengi hupewa dawa ya malaria wakarudishwa nyumbani. Madaktari wa Uganda waliliandika sana miaka ya 1960. Tiba yake ni kupasua na kutoa usaha, kisha kujaza gozi mpaka shimo lijae nyama kutoka chini. Mwaka 2005 madaktari wa Nigeria wakiongozwa na Okeniyi walichapisha jaribio la watoto 32 wenye majipu 43 ya namna hiyo yaliyopasuliwa. Baadhi ya mashimo yalijazwa gozi yenye asali, mengine gozi yenye Eusol, ile dawa ya klorini iliyozoeleka hospitalini tangu enzi za vita vya kwanza vya dunia. Ya asali yalikauka mapema, yakaota nyama na kufunika ngozi haraka zaidi, na watoto wakaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 26 na wagonjwa 3,011, yalikuwa na tahadhari zaidi: asali inaharakisha kupona kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina kwa siku 4 hadi 5 kuliko bandeji za kawaida, na inasaidia vidonda vya upasuaji vilivyopata maambukizi, lakini kwa vidonda vingine ushahidi bado hautoshi.

Muuguzi aliyewahi kuitumia anaijua kazi yake kwa macho. Gozi inalowekwa mpaka ikolee, inasukumwa mpaka pembe za shimo bila kubana, juu inawekwa gozi kavu ya kunyonya. Siku ya kwanza inawasha na mgonjwa analalamika. Siku hiyo pia maji yanatoka mengi na bandeji inalowa, hivyo inabadilishwa mapema. Baada ya siku kadhaa harufu inapotea. Halafu gozi inaanza kutoka bila kung'ang'ania, na chini yake kuna nyama ya chembechembe nyekundu inayotoka damu ukiigusa tu. Yeyote aliyewahi kung'oa gozi kavu kwenye shimo la mtoto anajua thamani ya gozi isiyong'ang'ania.

Lakini sitamshauri mtu achukue asali ya sokoni aitie kwenye jeraha la shoka. Nyingine imechanganywa na sukari ya kupika. Na hata iliyo halisi inaweza kubeba mbegu za vijidudu vya jamii ya pepopunda, ambazo asidi na sukari haziziui, zinalala tu. Asali ya hospitali katika nchi zilizoendelea hupigwa mionzi ya gama kuua mbegu hizo bila kuichemsha. Pia asali haichukui nafasi ya kisu. Msuli uliokufa ukifunikwa kwa asali bora kuliko zote utabaki umekufa.

Tukiwa kwenye usaha, tuiangalie pia hospitali yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Bugando walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Vidonda vya 65 kati yao, asilimia 26, vilipata maambukizi. Miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi ni wavuta sigara na waliokaa mezani saa 3 au zaidi. Naiheshimu hospitali inayohesabu usaha wake na kuutangaza. Bugando hiyohiyo ilitoa mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 56 ambao vidonda na makovu yao ya zamani yaligeuka saratani. Wengi walianza na moto, na majeraha yao yaliachwa yapone yenyewe bila kupandikizwa ngozi. Mtoto aliyeangukia mafiga leo na kuishia kufungwa bandeji tu anaweza kurudi akiwa mtu mzima na kidonda cha namna nyingine kabisa.

Mkoa wa Kigoma si mgeni kwa kazi ya kuhesabu na kurekebisha. Godfrey Mbaruku, daktari wa akina mama katika hospitali ya mkoa miaka ya 1980, alichambua vifo vya wazazi kimoja kimoja, akabadilisha mambo ya gharama ndogo yaliyokuwa ndani ya uwezo wa hospitali, kuanzia vifaa na damu mpaka namna watumishi walivyofanya kazi. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Aliichapisha kazi hiyo mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström wa Sweden, na dunia ya afya ya uzazi ikaisoma. Baadaye vituo vya afya vya mkoa huu viliwezeshwa kufanya upasuaji wa uzazi kwa mikono ya madaktari wasaidizi. Leo mshono wa uzazi ni miongoni mwa vidonda vya upasuaji vya kawaida kabisa Kasulu na Kibondo, na nao una saa na wiki zake: baada ya wiki 3 ngozi iliyoshonwa ina kama asilimia 20 tu ya nguvu ya awali, na hata baada ya miezi 3 haivuki asilimia 80. Mama anayebebeshwa ndoo ya maji wiki ya pili anabebeshwa juu ya mshono ambao bado haujaunda nyuzi za kutosha. Mwili wake unahitaji protini ya kujengea, na sahani ya ugali wa muhogo isiyo na maharage wala dagaa haina cha kumpa.

Protini ndiyo inayonifikisha kwenye kambi za wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 Warundi walipokimbia. Mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa kukosa fedha, na kidonda ni cha kwanza kujua. Miaka ya karibuni watafiti wa Johns Hopkins na wenzao Watanzania walikwenda Nyarugusu kuuliza watu katika nyumba zao nani ana tatizo la upasuaji na kwa nini hajatibiwa. Ni swali jema, na lina mfano wake. Miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda waliwekwa Kinyara, Uganda, na wengi wakaanza kuota vidonda vipana visivyouma, vilivyokula mafuta ya chini ya ngozi. Ni ugonjwa ambao Albert Cook, daktari wa Mengo, aliuona Uganda tangu 1897, na ambao ulipewa jina la Buruli kutokana na eneo la huko. Watafiti walifuatilia Kinyara nani anaugua na kwa umri gani, na nchini humo wakajaribu kama chanjo ya BCG inakinga. Ilikinga kwa muda mfupi. Mwaka 1999 sumu ya kijidudu hicho, mikolaktoni, ilitambuliwa. Ugonjwa uliokuwa ukitibiwa kwa kukata nyama kwa upana sasa unatibiwa kwanza kwa dawa za wiki 8. Sehemu ya maarifa hayo ililipiwa na miguu ya wakimbizi.

Utafiti ninaouomba Kibondo hauhitaji hadubini ya Mauro. Unahitaji asali ya wafugaji wa hapahapa, isiyopikwa, iliyopimwa kiasi chake cha maji na kupigwa mionzi. Wagonjwa wenye vidonda vya namna moja waliogawanywa kwa kura, nusu asali na nusu gozi ya maji ya chumvi. Mtu wa kupima upana wa kidonda kwa sentimita kila wiki bila kujua nani amepewa nini. Na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hospitali ya Kibondo na ile ya Kabanga zina wagonjwa. Chuo cha madaktari kilichoko Bugando kina wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti kila mwaka. Na kabla hata ya kura kupigwa, waongeze safu mbili kwenye daftari la wagonjwa wa zahanati zote za wilaya: saa ya kuumia, na saa kidonda kilipooshwa mara ya kwanza. Mwaka ukiisha, halmashauri itajua kwa jina ni zahanati ipi inahitaji bomba la maji, ipi imeishiwa sindano za pepopunda, na ni kijiji gani kinahitaji pikipiki ya kubeba wagonjwa.